Kuandaa kipimo cha usawa wa mwili kwa wasemaji wa Kialbania: ushauri kwa wanaoanza

Kipimo cha Berg cha usawa wa mwili, yaani uwezo wa kusimama na kusogea bila kuanguka, kilichochapishwa Kanada mwaka 1989, kina vitendo 14, kila kimoja kikipewa alama 0 hadi 4, na jumla yake ni 56. Kwa kuwa mgonjwa hajibu maswali bali husimama, hugeuka na kuinama, anayeanza hudhani kwamba tafsiri yake ni kazi nyepesi. Sivyo hata kidogo. Mgonjwa hutenda alichoelewa, na mzee aliyepata kiharusi akisitasita kwa sababu agizo limemchanganya, alama hushuka, nasi tukamwandika kuwa usawa wake ni dhaifu.

Utaratibu unajulikana: watafsiri wawili ambao Kialbania ni lugha yao ya mama, mmoja wa fani ya afya na mwingine wa nje, kuoanisha matoleo yao, tafsiri ya kurudi katika lugha ya asili inayofanywa na watu wasioiona nakala ya asili, kamati ya kupitia matoleo yote, kisha majaribio kwa watu 30 hadi 40.

Ugumu wenyewe uko katika lahaja. Kialbania sanifu, kilichoafikiwa Tirana mwaka 1972, kimejengwa zaidi juu ya Kitosk cha kusini, ilhali kaskazini mwa mto Shkumbin na Kosovo watu huzungumza Kigheg. Wengi tunaowapima ni wazee, na baadhi yao walimaliza shule kabla ya usanifishaji huo. Kwa hiyo hakikisheni kwamba kamati ina msemaji wa Kigheg tangu kikao cha kwanza, na maagizo yajaribiwe kwa kusemwa mbele ya mtu aliyesimama, si kwa kusomwa mezani. Maagizo kwa mzee yatumie “ju” ya heshima. Tena, kwa Waalbania wengi kutikisa kichwa huku na huku ni kukubali, basi anayepima asitegemee kichwa; aombe “po” (ndiyo) au “jo” (hapana) ya mdomo.

Tazameni kitendo cha kunyoosha mkono mbele. Mgonjwa huinua mkono hadi nyuzi 90, rula huwekwa kwenye ncha za vidole, na alama 4 hutolewa akifika sentimita 25 kwa kujiamini. Maelezo ya asili yanataka mikono yote miwili itumike inapowezekana ili kiwiliwili kisizunguke. Mtafsiri akiliacha hilo kwa kuliona dogo, mgonjwa atazungusha bega na kujipatia sentimita ambazo usawa wake haukuzistahili. Sentimita na sekunde zisiguswe kamwe.

Baada ya hapo wapimaji wawili wampime mgonjwa yuleyule bila kuonyeshana alama, kisha apimwe tena kabla hali yake haijabadilika. Wakitofautiana katika kitendo kimoja tu, nashauri mrudi kwanza kwenye maneno ya agizo hilo kabla ya kuwalaumu wapimaji, na kila mabadiliko yaandikwe pamoja na sababu yake.