Marupurupu ya safari: zile shilingi 10,000 si za mkandarasi

Tangu tarehe 1 Julai 2025, mwajiriwa nchini Kenya anayetumwa kazini nje ya kituo chake cha kawaida hupokea marupurupu ya hadi shilingi 10,000 kwa siku bila kutozwa ushuru. Awali kiwango kilikuwa 2,000. Akilipwa 12,000, ni 2,000 tu zinazoingia kwenye hesabu ya PAYE, kodi inayokatwa kwenye mshahara. Wakandarasi wengi, yaani wanaojitegemea na kulipwa kwa ankara, wamedhani nafuu hiyo ni yao pia, na hapo ndipo wanapoumia: sheria inamtaja mwajiriwa.

Mkandarasi akilipwa posho ya siku, ni mapato ya biashara yake. Tuseme mshauri wa Nairobi anadai ada ya 120,000 pamoja na 9,000 kwa siku, siku nne Kisumu. Ankara inafika 156,000, na mteja kwa kawaida hukata kodi ya zuio (anayoipeleka kwa mamlaka ya mapato, KRA, kwa niaba ya mshauri) ya asilimia 5 kwenye jumla hiyo yote, yaani 7,800. Pesa hizo hazijapotea. Hakikisha cheti cha makato hayo kimeonekana kwenye iTax, mfumo wa kodi wa KRA mtandaoni, kisha uzidai unapowasilisha ritani ya mwaka kabla ya Juni 30 kupita.

Kinachopunguza ushuru wako ni gharama halisi, si posho. Malazi na usafiri wa kazi hiyo hutolewa kwenye mapato, lakini tangu Januari 2024 gharama isiyo na ankara ya eTIMS, yaani ankara ya kielektroniki ya mfumo wa KRA, hukataliwa. Ujumbe wa M-Pesa unaonyesha tu kwamba ulilipa, hautoshi. Kwa hiyo uliza kabla ya kulala, si asubuhi ukiondoka: je, gesti hii inatoa ankara ya eTIMS, na itaandikwa PIN yangu ya KRA? Tiketi ya ndege imeachwa nje ya sharti hilo, kwa hiyo itunze ilivyo.

Njia safi zaidi, tunayoipendekeza kila inapowezekana, ni mteja kulipia hoteli moja kwa moja, ankara ikiwa na jina na PIN yake. Hapo malazi hayapiti kwenye ankara yako hata kidogo.

Usichanganye, hata hivyo, ukandarasi na ajira ya mkataba. Kama una mkataba wa miezi sita, unapangiwa saa za kazi na unakatwa PAYE kwenye hati ya mshahara, wewe ni mwajiriwa, na zile 10,000 ni haki yako. Isipokuwa nauli ya kila siku kutoka nyumbani hadi ofisini: hiyo hutozwa ushuru.