Pedali ya breki ikikutetemekea mguuni, usiachie

SWALI: Shikamoo fundi. Naendesha gari dogo la abiria kati ya Kasulu na Kigoma mjini, na siku ambazo abiria ni wachache napakia madumu ya mawese au magunia ya dagaa. Mwezi Desemba, mvua ikiwa imetoka kunyesha, mbuzi alikatiza mbele yangu karibu na Kidahwe. Nilikanyaga breki kwa nguvu, pedali ikaanza kunipiga mguu, na huko mbele kukawa na mlio wa kukoroma. Nilishtuka, nikaachia, nikakanyaga tena. Mbuzi alipona kwa bahati tu. Baadaye nikabadilishiwa beringi ya tairi la mbele kushoto, na kesho yake taa ya njano ya ABS ikawaka. Mpaka leo haijazimika. Aliyenifungia beringi anasema ABS ni mambo ya nchi za barafu, tung'oe fyuzi yake na kuitoa taa, nibaki na breki za kawaida. Halafu kitabu cha gari kinasema lina EBD pia, nayo siijui. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole kwa mshtuko wa siku ile. Nianze na la haraka: usikubali fyuzi hiyo ing'olewe. Mtetemo ulioupata Kidahwe haukuwa ubovu. Ilikuwa ABS, yaani mfumo wa kuzuia matairi yasifunge, ikifanya kazi yake, nawe ukaikatiza ulipoinua mguu. Taa ya njano ni jambo jingine, limekuja na beringi, na nitalifikia.

Tairi linapoviringika, ile sehemu ya mpira inayogusa lami huwa imetulia juu ya lami kama unyayo wa mtu anayetembea. Ndiyo sababu linashika. Ukilikaza kwa breki kupita kiasi ambacho barabara inaweza kuhimili, tairi linafunga huku gari bado linakwenda, na hapo halitembei tena, linaburuzwa. Mpira hushika vizuri zaidi pale tairi linapozunguka pungufu kidogo ya mwendo wa gari, kama asilimia 10 hadi 20. Yaani gari likiwa kwenye kilomita 80 kwa saa, tairi lizunguke kana kwamba liko kwenye 68 hivi. Likishafunga kabisa kwenye lami iliyolowa, mshiko unapungua, na baya zaidi ni kwamba usukani unakosa kazi. Unakata kulia, matairi ya mbele yanageukia kulia kweli, lakini gari linanyooka kule kule lilikokuwa likielekea. Tairi linaloburuzwa halina upande.

Kazi ya ABS ni kulizuia tairi lisifike hapo. Kwenye kila tairi kuna sensa ndogo inayosoma pete inayozunguka pamoja na habu, yaani kitovu ambacho tairi linafungwa. Pete hiyo ina meno ya chuma, au katika magari mapya zaidi ina sumaku zilizopangwa mzunguko mzima. Tuseme ina meno 48. Kwa tairi la gari dogo kama lako, ukiwa kilomita 60 kwa saa sensa inahesabu meno zaidi ya 400 kila sekunde. Kompyuta ya breki inalinganisha hesabu za matairi yote manne. Ikiona moja linapunguza mzunguko ghafla kuliko gari zima linavyoweza kupunguza mwendo, inajua hilo linakaribia kufunga.

Hapo ndipo valvu zinaingia kazini. Kati ya masta silinda, ile inayosukumwa na pedali ya breki, na tairi kuna boksi la chuma lenye pampu ya umeme juu au ubavuni, na mipaipu ya breki inapita humo. Kila mkondo una valvu ya kuingiza mafuta na valvu ya kuyatoa. Kwanza ya kuingiza inafungwa: hata ukikanyaga mara mbili ya hapo, mgandamizo wa tairi hilo hauongezeki. Ikiwa bado linaelekea kufunga, ya kutoa inafunguliwa, mafuta kidogo yanatoka na tairi linapata nafasi ya kuzunguka. Likishazunguka, mgandamizo unarudishwa. Mzunguko huo unajirudia mara nyingi ndani ya sekunde moja, kwa kasi ambayo mguu wa binadamu hauwezi. Mafuta yaliyotolewa yanarudishwa na pampu kwenye mkondo unaotoka masta silinda, na msukumo huo ndio unaoupiga mguu wako. Mkoromo uliousikia ni pampu yenyewe.

Kwa hiyo siku nyingine ikitokea, kanyaga mpaka mwisho, shikilia, usiachie hata pedali itetemeke namna gani, na tumia usukani kukwepa. Sisi tuliojifunzia magari ya zamani tulifundishwa kupiga-piga breki kwenye utelezi, na kwa magari yale ilikuwa sahihi. Kwenye gari lenye ABS, kila unapoinua mguu unalipa gari ruhusa ya kwenda mbele bila breki.

Hoja ya barafu inaniuma, kwa sababu nimeisikia gereji nyingi na madereva wanaiamini. Mifumo ya namna hii ilianza kwenye ndege, miaka ya 1950, ili zisiserereke zinapotua kwenye njia zilizolowa. Mwaka 1978 Bosch na Mercedes-Benz waliuleta ukiwa wa kielektroniki kwenye magari madogo. Maji yanatosha kuuhitaji. Nasi hapa, mvua za kwanza zikianguka Novemba, zinakuta lami ina vumbi jekundu la miezi mingi, na malori yanaingia kutoka njia za vijijini yakiburuta tope. Mchanganyiko huo unateleza kuliko maji matupu.

Angalia hesabu hizi. Kwenye lami kavu nzuri, kutoka kilomita 80 kwa saa gari husimama katika mita kama 36, ukiacha mita 22 linazokwenda katika sekunde moja ya wewe kushtuka na kupeleka mguu. Kwenye lami iliyolowa na mshiko wake ukashuka hadi karibu nusu, zile 36 zinakuwa kama 63. Ukipunguza mwendo hadi kilomita 60 kwa saa, kwenye lami hiyo hiyo iliyolowa unasimama katika mita kama 35. Hakuna ABS inayoweza kukupa tofauti hiyo. ABS inatumia mshiko uliopo tu, haiongezi. Matairi yakiwa vipara, inagawa umaskini.

Lipo jambo moja ambalo wanaoipinga wana haki nalo. Kwenye changarawe iliyolegea au mchanga, tairi lililofunga huchimba na kujikusanyia udongo mbele yake, na udongo huo unasaidia kulisimamisha. ABS hailiachi tairi lichimbe, kwa hiyo unaweza kwenda mbali zaidi kabla ya kusimama. Na kwenye barabara ya vumbi iliyojikunja kama bati, tairi linaruka, linagusa, linaruka, kompyuta inaona mzunguko unapanda na kushuka na inaweza kulegeza breki usipotaka. Dawa ni kupunguza mwendo mapema unapoacha lami na kuacha nafasi kubwa mbele yako. Usukani unabaki nao, na kwenye njia zetu zenye watoto na baiskeli pembeni, usukani naupima kwa uzito mkubwa.

Sasa EBD, yaani mfumo wa kugawa nguvu ya breki kati ya mbele na nyuma, ambayo ndiyo sababu yangu kubwa ya kukukataza kung'oa fyuzi.

Unapofunga breki, uzito wa gari unahamia mbele. Umeona pua inavyoinama. Tuchukue gari la kilo 1,200, kilo 720 zikiwa juu ya matairi ya mbele na 480 nyuma. Kwa breki kali kwenye lami kavu, kama kilo 180 zinahama kutoka nyuma kwenda mbele. Nyuma panabaki kama 300 tu. Tairi lililopungukiwa uzito linashika kidogo, kwa hiyo ukilipa breki sawa na ya mbele litafunga mapema. Na matairi ya nyuma yakifunga kabla ya ya mbele, mkia unataka kutangulia: gari linajizungusha, na dereva mzuri kiasi gani halishiki. Watengenezaji wanaliogopa hilo kuliko matairi ya mbele kufunga.

Magari ya zamani yalikuwa na valvu ya kugawa, ya springi, inayopunguza mafuta ya breki yanayokwenda nyuma mgandamizo ukishazidi kiwango fulani. Haijui kama nyuma umebeba mtu mmoja au madumu kumi. Kwenye baadhi ya pikapu na vani iliunganishwa kwa fito hadi kwenye ekseli ya nyuma, ili gari likilala kwa mzigo, fito iisukume valvu na breki za nyuma zipewe nguvu zaidi. Wengi mmeiona hiyo fito, na mara nyingi imeganda kwa kutu.

EBD inafanya kazi hiyo bila fito. Inatumia sensa zile zile, kompyuta ile ile na valvu zile zile za ABS. Unapofunga breki za kawaida kabisa, inatazama matairi ya nyuma. Yakianza kupunguza mzunguko kidogo tu kuliko ya mbele, inafunga valvu za kuingiza za nyuma, na mgandamizo wa nyuma unasimama hapo hapo huku wa mbele ukiendelea kupanda. Ukiwa umepakia mawese nyuma, matairi ya nyuma yana uzito, yanashika, yanachelewa kupunguza, basi EBD inayaachia breki nyingi zaidi. Ukirudi mtupu inayabana mapema. Mara nyingi hausikii chochote mguuni, na ndiyo maana hukuijua ingawa umekuwa nayo kila safari. ABS inaweza kukaa miezi bila kuitwa, lakini EBD huenda imekuhudumia leo asubuhi ukishuka kutoka Mwanga kwenda stesheni.

Katika magari mengi yenye EBD, kiwandani hawakuweka tena valvu ya kugawa, kwa kuwa kompyuta ipo. Ukiinyima kompyuta umeme, breki za nyuma zinapokea mgandamizo wote bila wa kuupunguza. Kwa hiyo hurudi kwenye "breki za kawaida" alizokuahidi fundi wako. Unapata breki ambazo gari lako halikuwahi kutengenezwa liwe nazo, na hatari yake kubwa ni ukiwa mtupu, kwenye mvua, kwenye mteremko.

Hapo taa zinasema mengi. Taa ya njano ya ABS ikiwaka peke yake, breki zako za kawaida zipo, na katika magari mengi EBD nayo bado inafanya kazi, kwa sababu sensa moja ikipotea kompyuta inajikimu kwa zilizobaki. Ila tairi likitaka kufunga hakuna wa kulizuia. Endesha kwa tahadhari na upeleke gari likapimwe. Taa nyekundu ya breki ikiwaka pamoja na ya njano, na hendibreki umeshusha, simama kwanza utazame mafuta ya breki. Yakiwa sawa, huenda EBD imeondoka. Abiria washuke, na gari liende gereji taratibu likiwa tupu.

Tuje kwenye beringi yako. Magari mengi ya siku hizi hayana pete ya meno. Sumaku zimo ndani ya sili ya beringi yenyewe, upande mmoja tu. Kwa macho sili mbili zinafanana sana, moja huwa nyeusi au ya kahawia zaidi. Beringi ikigongelewa kinyume, sumaku zinaangalia nje, sensa iko ndani, haisomi kitu. Gari linakwenda vizuri, halina mlio, ila taa inawaka. Nimeletewa gari la namna hiyo likiwa limeshabadilishwa sensa mbili mpya, fedha imekwenda bure, kumbe beringi imepinduliwa. Na beringi ya bei rahisi isiyo na sumaku kabisa italeta tatizo lile lile.

Kabla ya kufungua chochote, gari lisomwe kwa mashine. Ikitaja tairi la mbele kushoto, fundi atazame kwanza kama waya wa sensa ulivutwa au kubanwa wakati wa kazi, na kama ncha ya sensa haijajaa tope au unga wa chuma. Vikiwa salama, basi ni beringi. Ikitolewa, weka kipande cha karatasi nyembamba juu ya sili, nyunyizia unga wa chuma: upande wenye sumaku utajichora mistari. Upande huo ndio unaotazama sensa. Beringi iliyotolewa kwa kugongwa isirudishwe, nunua nyingine, na uhakikishe ni ya gari lenye ABS. Ikasukumwe kwa presi, kwa sababu nyundo inaivunja sili yenye sumaku.

Wakati gari liko juu, mwambie abadilishe na mafuta ya breki ikiwa yamezidi miaka miwili. Yananyonya unyevu wa hewa, na unyevu unashusha kiwango chake cha kuchemka na kula valvu za lile boksi ambalo bei yake itakutoa machozi. Tumia aina iliyoandikwa kwenye kifuniko, DOT 3 au DOT 4, na asithubutu kumimina mafuta ya usukani humo. Akibana pistoni ya kalipa ili aweke pedi mpya, kwanza afungue nipo, ile skrubu ndogo ya kutolea mafuta kwenye kalipa, mafuta machafu yatoke nje badala ya kurudishwa kwenye boksi la ABS.

Taa iachwe mahali pake. Ukiwasha swichi lazima iwake sekunde chache kisha izime yenyewe, hivyo ndivyo inavyokuambia imejikagua. Ikishazima baada ya beringi kurekebishwa, tafuta siku ya mvua, mahali pa wazi pasipo na watu wala gari nyuma yako, nenda kilomita 40 kwa saa bila abiria, kanyaga breki mpaka mwisho na ushikilie mpaka gari lisimame. Uusikie mtetemo ule ukiwa umetulia, mguu uuzoee.