Mkuu usilete hiyo mizinga nyumbani kabla hujashika karatasi ya afisa nyuki

Simamisha kwanza. Umeandika una kiwanja cha 20 kwa 20 pembeni ya mji Morogoro, unataka banda la kuku chotara 100 na mizinga 2 ya nyuki nyuma ya banda, unauliza sheria zikoje, chakula kipi na vifaranga bei gani, na kwamba mwenyekiti wa mtaa ameshakuambia "fuga tu". Hiyo "fuga tu" ndo iliyonifilisi mimi, neno kwa neno.

Nilienda semina ya ujasiriamali, jamaa kapiga suti anasema nyuki ni walinzi, weka mizinga karibu na banda uone kama mwizi au kicheche atasogea, na asali tutakuja kuinunua wenyewe. Semina inaisha tunatoka nje, mizinga ya kisasa imepangwa kwenye fuso inauzwa. Nikanunua, nikaweka nyuma ya banda kama wewe unavyotaka, nyuki wakaingia haraka na kila mtu ananisifia.

Halafu jirani akaleta kijana wa kufyeka nyasi kwa mashine, upande wake wa uzio, haki yake kabisa. Kelele, mtetemo, moshi wa petroli, nyuki wakatoka. Na hawa nyuki wetu wa Afrika sio wale wapole mnaowaona kwenye video za Ulaya watu wanawashika mikono mitupu. Mmoja akichoma anaacha mwiba, pale penye mwiba panatoka harufu inayowaita wenzake, ndo maana hawaji wawili watatu, wanamwagika mzinga mzima na wanashukia chochote kinachopumua. Kijana alitupa mashine akakimbia, akapona lakini uso ulivimba macho hayaonekani. Sasa kuku wangekimbilia wapi? Wako ndani ya wavu na komeo nimefunga mwenyewe. Mbuzi wa jirani, jike lenye mimba, kafungwa kamba kwenye mwarobaini. Tulikuwa tunasikia tu makelele, hakuna aliyeweza kusogea mpaka giza likaingia. Asubuhi nilikuwa najaza kuku kwenye viroba, na mama mwenye mbuzi amesimama pale haongei kitu.

Tukaitwa kwa mtendaji wa kata. Afisa afya anauliza kibali kiko wapi, namwangalia mwenyekiti, mwenyekiti anaangalia simu yake. Nikasema mbona niliongea na afisa mifugo, afisa mifugo akajibu, na alikuwa sahihi, wewe uliniuliza habari za kuku. Ndo siku hiyo nikajua kwamba kuku wako chini ya Wizara ya Mifugo na Uvuvi na nyuki wako Maliasili na Utalii, wana sheria yao kabisa, Sheria ya Ufugaji Nyuki ya 2002, na wana maafisa wao wa halmashauri. Afisa nyuki alipokuja kuangalia hakumaliza hata dakika, akasema mizinga inatakiwa iwe mbali na makazi, mita 200 kwenda juu, mbali na njia za watu na mifugo iliyofungwa. Kiwanja changu chote hakifiki hata robo ya hapo! Angekuja kabla nisingenunua hata msumari. Nililipa mbuzi, nikalipa matibabu ya kijana, kuku ndo basi tena. Yule wa suti simu hapokei mpaka leo na nasikia bado anazunguka mikoani na fuso lake, hasira yangu yote iko kwake maana alijua anachouza na alijua anawauzia watu wa viwanja vidogo.

Kwa hiyo mkuu, karatasi kwanza, mzinga baadaye. Nenda halmashauri ukaulize sheria ndogo za kwenu, nimesema za kwenu, maana kila halmashauri inatunga zake, za ndugu yako wa Arusha hazikuhusu. Mwombe afisa nyuki aje aone eneo kwa macho yake na akuandikie, iwe na sahihi na mhuri. Akikataa kuandika ujue jibu umeshapata. Na wale mnaokuja kusema mbona babu alifuga, babu yako mizinga aliitundika porini, hakuitundika dirishani kwa jirani.

Kama asali unaipenda kweli, tafuta shamba nje ya mji hata la kukodi, nyuki wanaruka kilomita kadhaa kutafuta maua kwa hiyo hawahitaji bustani yako. Au muulize huyo huyo afisa kuhusu nyuki wadogo wasiouma, asali yao ni kidogo ila bei yake nzuri na wapo watu wanawafuga barazani.

Kuku fuga, ila ongea na majirani kabla ya kujenga, malalamiko mengi yanaanzia kwenye harufu ya mbolea, na chanjo ya kideri, ule ugonjwa unaoua kuku banda zima, usiruke hata mara moja. Habari ya chakula na bei ya vifaranga wengine watakujibu. Kama mizinga umeshalipia, mpigie muuzaji leo hii asimamishe kuileta, na ukienda halmashauri nenda na picha za kiwanja zinazoonyesha nyumba za jirani ziko umbali gani.