Aliishi miaka minne, na aliishi kweli

Swali lenu la wiki hii linauliza, "Mtoto aliyetutoka mapema tumkumbuke vipi?" Mi najibu kama mama wa binti aliyefariki kwa saratani akiwa na miaka minne na miezi miwili. Mkumbukeni kama mtu aliyeishi, sio kama mgonjwa.

Manake watu wanaokuja kunipa pole wanasema maskini, hata maisha hakuyaona. Najua wanasema kwa upendo, ila inaniuma sana. Hakuyaona vipi? Alikua haogopi giza anaogopa upepo, alikua anahesabu moja mbili tatu saba na ukimrekebisha anakununia kisha anaanza upya, moja mbili tatu saba. Viatu alikua anavigeuza, cha kulia mguu wa kushoto, ukimwambia umekosea anakujibu hapana, vimegombana, tuviache mpaka vipatane vyenyewe. Hayo sio maisha?

Ugonjwa wenyewe tuligundua bafuni, namwogesha nikagusa kitu kigumu ubavuni, na wala hakikua kinamuuma, yeye anacheza na povu lake. Hospitali wakasema ni uvimbe wa Wilms, saratani inayoanzia kwenye figo, inapata zaidi watoto wa chini ya miaka mitano. Wenzangu mnaoogesha watoto nawaomba sana, mkigusa kitu kama hicho msikiminyeminye na msisubiri, nendeni hospitali siku hiyohiyo, hii ni moja ya saratani za watoto zinazotibika vizuri ikiwahiwa na wengi wanapona kabisa. Ya binti yangu ilirudi kwenye mapafu.

Sasa kule wodini walibandika karatasi juu ya kitanda chake, USIBONYEZE TUMBO, kwa sababu uvimbe ule ukibonyezwa unaweza kupasuka. Kusoma alikua hajui ila akauliza imeandikwa nini, akaambiwa, basi kuanzia hapo ndo ikawa salamu yake. Nesi akiingia, usibonyeze tumbo! Bibi yake akitaka kumbeba, usibonyeze tumbo! Akamwambia mpaka mdoli. Alishafanyiwa opereshini, figo na uvimbe vikatolewa, karatasi ikabanduliwa, yeye bado anatangaza tu. Na ile dawa nyekundu ya kemo, yaani matibabu ya dawa za kuua saratani, inayofanya mkojo nao utoke mwekundu, siku ya kwanza mi nilishtuka moyo ukaenda mbio, yeye akaita wodi nzima waje waone amekojoa rangi.

Sisemi hakuteseka. Aliteseka, kuna usiku siwezi kuuandika hapa na sitauandika. Ila ugonjwa ulichukua mwaka mmoja na miezi kidogo, ile mingine mitatu ilikua yake yote, na hata ndani ya huo mmoja alikua anacheka, ananuna, anagombana na mimi kuhusu kuchana nywele za mdoli wakati zake zimeisha zote.

Kwa iyo mkikutana na mzazi kama mimi msiogope kumtaja mtoto. Watu wanadhani wakimtaja watanikumbusha, kwani nimesahau lini? Niulizeni alikua anapenda nini, nitaongea saa nzima, nikilia nilie tu, hamjanikosea. Kinachonimaliza ni pale mtu anabadilisha mada haraka kama vile nimetaja kitu kibaya.

Mdogo wake alikua mchanga kabisa wakati ule, hamkumbuki, anamjua kwa hadithi zetu tu. Mwezi uliopita katimiza miaka mitano, akaniuliza mama, sasa mi ndo mkubwa? Nikamwambia hapana, dada ni dada. Akafikiria kidogo, akakubali. Nikamvuta nimkumbatie, akajikunja kwa kicheko, "mama, usibonyeze tumbo!"