Nimemwaga kila dawa bafuni, mbona nzi hawa wanarudi?

Swali: Habari za kazi, fundi. Bafuni kwangu kuna wadudu weusi wadogo, mabawa yao yana manyoya kama ya nondo. Mchana wanatulia ukutani karibu na tundu la maji, jioni wanaruka ruka. Nimemwaga klorini, nikamwaga maji ya moto, nikajaribu siki na magadi soda, nikapuliza na dawa ya mbu. Wanapotea siku mbili tatu kisha wanarudi. Jirani kanishauri nichanganye klorini na dawa ya kuondoa madoa chooni ili ipate nguvu. Nifanyeje?

Jibu: Huo mchanganyiko wa jirani usiuguse. Nitaurudia huko mbele.

Swali hili linanifikia kila mara, na kila mara lina neno moja: nimemwaga. Nimemwaga hiki, nimemwaga kile. Sijawahi kupata anayeniambia kwamba amesugua. Nzi hawa wa bombani hawaishi ndani ya maji yanayopita. Wanaishi katika utando, ule ute mweusi unaojengwa na sabuni, nywele, mafuta ya mwili na bakteria kwenye kuta za bomba. Toa kichujio cha tundu lako, ingiza kitambaa cheupe kwa ncha ya bisibisi, ukwangue chini kidogo ya ukingo. Kitatoka na ute mzito kama grisi. Uutandaze kwenye mwanga na uutazame kwa makini: vile vijiuzi vya kijivu vinavyojinyonganyonga, visivyozidi sentimita 1, ndio mabuu wenyewe. Buu huzama utandoni na kuchomoza mkia tu, maana anapumulia huko.

Sasa fikiria klorini yako. Inateremka kwa kasi ikifuata sehemu ya chini ya bomba, haigusi ubavu wala dari yake, na pale inapogusa inaunguza juu juu tu. Maji ya moto nayo hupoa njiani kabla ya kupenya ute. Tena mabomba ya plastiki ya PVC hayakutengenezwa kubeba maji yanayochemka. Ukiyamwaga mara kwa mara, bomba hulegea na maungio huanza kuvuja. Siki na magadi soda ndiyo inayonikera kuliko zote, kwa sababu povu lake linamfanya mtu aamini kuna kazi inafanyika. Asidi na magadi huuana nguvu papo hapo. Kinachobaki ni maji yenye chumvichumvi na gesi ile ile ya kwenye soda ya kunywa. Povu halisugui kitu.

Na dawa ya mbu? Imeua waliokuwa ukutani siku ile. Jike mmoja hutaga mayai 30 hadi 100, yanaanguliwa kwa muda wa siku 2 hivi, mabuu wanakula utando wiki moja hadi mbili, kisha wanajifunga kuwa pupa kwa siku moja au mbili na kutoka wakiwa na mabawa. Kwa hiyo uliowaona baada ya siku tatu hawakurudi kutoka popote. Walikuwa bombani wakati unapuliza.

Anza kwa kujua ni tundu lipi. Usiku kausha ukingo wa kila tundu, bandika selotepu, upande wa gundi ukitazama chini, uache upenyo mdogo wa hewa. Fanya hivyo usiku tatu au nne mfululizo, kwa sababu hawatoki kila siku. Tundu litakalonasa nzi ndilo la kusugua: toa kichujio, tumia brashi ngumu yenye mpini mrefu, zungusha juu, chini na pembeni, na usisahau chini ya ukingo wenyewe. Sinki lina tundu dogo la kuzuia maji yasifurike. Sugua na humo, watu wengi hulisahau. Sifoni, lile bomba lililopinda chini ya sinki, ikifunguka, ifungue uisafishe. Suuza kwa maji ya uvuguvugu na sabuni. Baada ya hapo waweza kuweka jeli ya vimeng'enya, yaani viini vinavyovunjavunja uchafu, au ya bakteria wanaokula mafuta, usiku wakati bomba halitumiki, lakini usimwage klorini juu yake, utakuwa unawaua wafanyakazi wako. Rudia kusugua kila wiki. Wachache utaendelea kuwaona kwa wiki mbili au tatu, wakipungua.

Kama selotepu zote ni safi na nzi bado wapo, angalia kwingine penye ute: trei ya maji ya kiyoyozi, sahani za chini ya vyungu vya maua, kitako cha choo kinachovuja, bomba lililopasuka chini ya vigae. Hili la mwisho ni la fundi bomba. Hakuna dawa inayoziba ufa.

Hapo ndipo wanapoingia watu nisiowavumilia. Mtu anakuja na pampu mgongoni, analowesha kuta za nyumba nzima, anapokea pesa, na hajainama hata mara moja kutazama tundu. Wiki ya pili unamwita tena. Mwingine anakuuzia chupa isiyo na lebo. Nzi hawa hawaumi wala hawanyonyi damu, kero yao kubwa ni uchafu, na mavumbi ya miili yao wakiwa wengi mno huweza kumsumbua mwenye pumu. Hakuna sababu ya kuhatarisha mapafu ya familia kwa ajili yao.

Maana huo ushauri wa jirani ni sumu hasa. Dawa nyingi za kuondoa madoa chooni ni asidi, na asidi ikikutana na klorini hutoa gesi ya klorini. Klorini na dawa yenye amonia hutoa gesi nyingine mbaya, ya kloramini. Katika bafu dogo lenye mlango uliofungwa, pumzi chache zinatosha kukulaza hospitalini. Ukisikia macho na koo vinawasha, toka nje kwanza, usibaki kujaribu kusuuza. Mafuta ya taa na petroli ndiyo kabisa: mvuke wake hukaa bombani ukingoja cheche.

Na ukimwita fundi baada ya kumwaga vitu hivi, mwambie vyote, hata vile unavyoona aibu kuvitaja, kabla hajafungua sifoni. Mimi niliwahi kufungua moja ambayo mwenye nyumba alisema ina maji tu. Ilikuwa na magadi makali ya kuzibulia bomba, na yalinimwagikia mkononi hadi kwenye kiwiko.