Picha za mashamba na masoko ya huku kwetu: kwa nini zinarudishwa, na la kufanya kabla ya kupakia

Mkuu, umeeleza kwamba unapiga picha kwenye mashamba ya chai Mufindi na sokoni Iringa mjini, unazipakia Shutterstock na Adobe Stock, zile tovuti zinazouza picha za watu kwa wanunuzi, na nyingi zinarudi na sababu ya mstari mmoja: fokasi, chenga (vile vidoadoa vinavyochafua picha), zinafanana mno, haki miliki. Mimi niko Mbeya, napiga zaidi Tukuyu, Uyole na Kitulo, na sababu zote hizo nimekutana nazo. Ninavyoona mimi, picha nyingi zinazorudi zimeshaharibikia shambani au sokoni, kabla hazijaona kompyuta.

Nianze na ukungu, maana kwa hilo Mufindi na Tukuyu ni ndugu. Kamera hupima mwanga ikidhani mandhari yote ni ya kijivu cha wastani. Ukiielekeza kwenye chai iliyofunikwa na ukungu mweupe, inaona mwanga umezidi, inaupunguza, na picha inatoka imefifia na kiza. Ukifika nyumbani unaipandisha mwanga, na hapo ndipo chenga zinapojaa kwenye vivuli vya chini ya majani. Mhakiki, yaani anayekagua picha kwenye tovuti hizo, hajui asubuhi ile ilikuwaje, anachoona ni chenga. Kwa hiyo ongeza mwanga ukiwa palepale shambani, kwa kile kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa: theluthi mbili ya stopu, wakati mwingine stopu nzima (stopu moja ni mwanga mara mbili). ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, ibaki 100 au 200 ikiwezekana, na ukilazimika kupunguza kasi ya shata, tumia stendi. Kisha tazama histogramu, ile grafu ya mwanga kwenye kioo cha kamera, isije ikabanana upande wa kulia, maana hapo weupe umepotea.

Fokasi nayo huhangaika kwenye ukungu, kwa sababu kamera inahitaji mahali penye tofauti ya giza na mwanga ili ishike. Tafuta ukingo ulio wazi, shina la mkaratusi au mdomo wa kikapu, ulio umbali sawa na kile unachokitaka, ushikilie fokasi hapo ndipo upange picha yako. Kwa lenzi nyingi tundu la f/8 linatosha kabisa. Wanaolifunga hadi f/22, tundu dogo sana, wakidhani wanaongeza ukali wanaupunguza, na kila doa la vumbi lililo kwenye sensa, kile kipande cha ndani kinachonasa picha, linajitokeza angani. Kwa vumbi letu la kiangazi, usibadilishe lenzi ukiwa juu ya bodaboda!

Ukishachagua, kuza picha hadi asilimia 100 uipitie yote, kona hadi kona. Nina picha ya mama anayechuma chai Katumba, ukiitazama kwenye simu utaipenda mara moja. Ukiikuza, kope zake hazina ukali na fokasi imekaa kwenye ukanda wa kikapu, sentimita chache nyuma ya uso. Hiyo sikuipakia, japo naipenda. Na usijaribu kuokoa picha ya namna hiyo kwa kuongeza ukali kwenye programu, kwa sababu utaleta mistari myeupe pembeni mwa vitu na itarudi kwa sababu nyingine.

Sasa haki miliki, ambapo naamini ndipo unapopoteza picha nzuri zaidi. Nembo huku zimejaa kila mahali. Mkulima wa viazi kavaa jezi ya mtumba ya timu ya Uingereza, gunia limeandikwa jina la kampuni ya mbolea, nyuma yake kuna kibanda kilichopakwa rangi za mtandao wa simu, kreti za soda zimepangwa mlangoni. Kwa picha ya matumizi ya kibiashara vyote hivyo ni kikwazo. Sogea hatua mbili, badilisha pembe, mwombe mwenyewe ageuze gunia. Nembo ndogo iliyobaki unaweza kuifuta baadaye kwa uangalifu. Kama nembo ndiyo sehemu ya habari yenyewe, mfano soko la Mwanjelwa likiwa limefurika, ipeleke Shutterstock kama picha ya kihabari: hapo hufuti kitu, na maelezo yake yataje mahali, nchi, tarehe na kinachotendeka.

Mtu anayetambulika kwenye picha ya kibiashara anahitaji fomu ya ridhaa yenye sahihi yake na ya shahidi, na mtoto anasainiwa na mzazi au mlezi. Usimkimbilie mtu na karatasi. Msalimie, mwonyeshe picha, mweleze kwa Kiswahili kilichonyooka kwamba inaweza kununuliwa na kutumika kwenye matangazo nje ya nchi. Wapo watakaokataa. Mama wa watu akisema hataki, mshukuru na ufute picha mbele yake.

Kuhusu kufanana: mteremko uleule wa chai mara kumi na tano, mawingu tu yamesogea, usiupakie. Chagua moja ya kulala yenye nafasi ya mnunuzi kuweka maandishi, moja ya kusimama, na moja ya karibu ya vidole vikikata majani mawili na chipukizi. Maneno ya kutafutia andika kwa Kiingereza, yale yanayoonekana kwenye picha tu. Adobe Stock inapokea hadi 49 na kumi ya mwanzo ndiyo yenye uzito zaidi. Weka na jina la kisayansi, kama Camellia sinensis kwa chai. Kwa maua ya Kitulo, muulize mwongozaji jina la ua kabla hujaondoka.

Jambo moja la mwisho, ukubwa. Kiwango cha chini kwa zote mbili ni megapikseli 4. Ukijitumia picha kutoka simu kwenda kompyuta kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, inabanwa na ubora unapotea. Tumia waya au itume kama dokumenti. Hivyohivyo, chagua mbili kati ya zilizorudishwa, ziweke hapa kwa ukubwa wake kamili pamoja na sababu uliyopewa, nizikuze nikuonyeshe mhakiki aliona nini.