Jibu: Kwa nini gitaa langu halilii kama la B.B. King?

Habari za jioni, ndugu. Umeeleza kwamba noti za B.B. King, mpiga gitaa na mwimbaji wa blues wa Marekani, unazipata zote, lakini gitaa lako halilii kama lake. Kabla ya kubadilisha nyuzi au spika, angalia kwanza mkono wako wa kushoto. King alibonyeza uzi kwa kidole cha shahada, akaondoa kidole gumba kwenye shingo la gitaa, kisha akautikisa mkono mzima kutoka kwenye kifundo cha mkono, akitafuta mlio wa gitaa la slaidi (linalopigwa kwa kutelezesha kipande cha chuma au kioo juu ya nyuzi) aliousikia kwa Bukka White, binamu wa mama yake. Mimi nilihangaika miezi mingi nikitikisa kidole peke yake, na sauti ikabaki kavu.

Jambo la pili ni kunyamaza. King hakuwa akiimba na kupiga kwa pamoja: sikiliza “The Thrill Is Gone” ya mwaka 1969, au tazama alivyopiga Kinshasa mwaka 1974, uone anavyomaliza mstari, akafumba macho, ndipo Lucille ajibu. (Lucille si gitaa moja, aliyapa magitaa yake mengi jina hilo.) Anza na noti tatu tu, na kila moja iache ife yenyewe kabla ya kugusa nyingine.